Kofi Lililokosekana

Bi Pindo alikuwa na sheria moja katika duka lake la ushonaji, na aliiandika ukutani kwa herufi kubwa, juu kidogo ya cherehani, mahali ambapo hata mtu aliyeingia kuuliza njia asingekosa kuisoma: HESABU SINDANO ZAKO. Hakuna nguo iliyovuka mlango ule kabla sindano na pini zote hazijarudi kwenye kikasha, moja moja, kwa sauti. Wanafunzi wake watatu, mabinti wakubwa wenye akili zao, walizihesabu asubuhi na jioni, na mmoja wao alidai kwamba hata usingizini anaziota. Aliyepoteza pini hakukaa chini mpaka aione. Mtaani watu walisema Bi Pindo anaweza kusahau jina la mume wa mteja lakini sindano hasahau, na yeye alilikubali neno hilo bila kinyongo, kwa sababu alivyoona yeye, waume hubadilika zaidi kuliko sindano. Kwa miaka arobaini jina lake lilisimama juu ya sheria hiyo. Na lilistahili kusimama, ukiitoa siku moja tu.

Siku hiyo tutaifikia. Kwanza tumseme Chiriku, maana bila Chiriku hakuna cha kusimulia.

Chiriku alikuwa mwimbaji, na ukitaka kugombana na watu wa mji ule waambie umewahi kusikia aliye bora kuliko yeye. Alikuwa na sauti ya kifuani, nzito na yenye joto, ya mtu anayekuomba msamaha huku anakuchekesha. Aliimba soul, ule muziki wa hisia nzito, mpaka wanaume wazima wakasingizia mafua, kisha bila kukupa nafasi ya kufuta macho alikuingiza kwenye disko, ukashangaa miguu yako imeshaondoka. Jina la Chiriku walimpa kwa sababu hata akishuka jukwaani hakunyamaza. Sasa ilikuwa miaka kumi tangu afariki, lakini hapakuwa na arusi iliyofungwa wala sufuria iliyosuguliwa bila yeye kuwa anaimba mahali fulani karibu.

Wimbo wake mkubwa uliitwa "Kesho Njoo Mapema". Katikati ya wimbo huo vyombo vyote vinanyamaza, anabaki yeye na makofi tu, pa, pa, pa, mpaka saba, na kofi la nane halipo. Pale lilipotakiwa kuwa pana kimya cha kufumba na kufumbua, halafu sauti yake inashuka na bendi nzima inaifuata. Katika kimya hicho, kila mtu wa mji ule hunyanyua mguu mmoja. Daktari hunyanyua, mlinzi wa benki hunyanyua, bibi arusi hukusanya gauni lake akanyanyua, na mtoto aliyejifunza kutembea juzi hunyanyua akaanguka. Hakuna aliyefundishwa. Chiriku mwenyewe alifanya hivyo jukwaani tangu onyesho la kwanza, watu wakamwiga, ikawa kama kupiga chafya.

Basi Jumanne moja binti wa Chiriku aliingia dukani kwa Bi Pindo na gauni la mama yake mkononi, lile la rangi ya machungwa lenye vipande vinavyometameta. Binti huyo alikuwa ameishi mbali kwa miaka mingi, kwanza kwa masomo kisha kwa kazi, na alikuwa amerudi kuandaa kumbukumbu ya miaka kumi. Sherehe ingekuwa Jumamosi mchana, katika ukumbi uleule ambao mama yake aliimba mara ya kwanza, na alitaka kulivaa gauni. Lilimbana kiunoni. Nyuma yake aliingia fundi mitambo, mwanamume mpole mwenye vidole vyembamba, amebeba kompyuta na spika ndogo, kwa sababu walitaka Bi Pindo, rafiki wa Chiriku tangu usichana, awe wa kwanza kusikia. Nyimbo zote za Chiriku zilikuwa zimesafishwa kutoka kwenye kanda za zamani, na Jumamosi santuri mpya ingezinduliwa.

Bi Pindo hakuacha kazi kusikiliza muziki, hajawahi. Aliendelea kukanyaga cherehani huku fundi akibonyeza, na sauti ya Chiriku ikajaa chumbani safi kabisa, utadhani amejibanza nyuma ya pazia la kujaribia nguo. Mmoja wa wanafunzi alipepesa macho. Vyombo vikanyamaza, makofi yakaanza, na Bi Pindo, kama alivyofanya maisha yake yote, akanyanyua mguu kutoka kwenye kikanyagio.

Pa. Kofi la nane likalia.

Mguu ulishuka ovyo, gurudumu likaruka, kitambaa kikavutwa, na sindano ya cherehani ikavunjika vipande viwili. Wanafunzi watatu walitazamana. Jambo hilo lilikuwa halijatokea machoni mwao.

Fundi mitambo alitabasamu kwa fahari ya mtu aliyefanya kazi yake vizuri. Alieleza kwamba pale palikuwa na pengo, kofi moja liliruka, kwa hiyo amechukua kofi la mwanzo akalinakili na kulipandikiza. Palikuwa pia na vikelele vidogo ndani ya lile pengo, kama bawaba ya mlango, navyo amevifuta. Sasa wimbo umenyooka, na ndio utakaopelekwa redioni kote. Kanda ya zamani wataipumzisha.

"Mama mdogo, huko nilikokuwa nikiucheza huu wimbo watu waliniambia santuri yangu imekwaruzika," binti alisema, na macho yake yalikuwa yanang'aa. "Kila mara. Nikawa naona aibu kwa niaba ya mama. Alistahili angalau wimbo mmoja usio na dosari."

Bi Pindo aliokota vile vipande viwili vya sindano. Akamtazama binti wa rafiki yake, akawatazama wanafunzi wake, akaitazama sheria yake ukutani na herufi zake kubwa. Akaomba apewe pini.

Sasa ile siku moja. Ilikuwa mchana, katika chumba cha kurekodia kisicho na dirisha, na Chiriku na Bi Pindo walikuwa wasichana wa miaka ishirini na ushee. Bi Pindo hakwenda pale kwa ajili ya muziki. Alikwenda kwa sababu picha ya jalada ingepigwa baada ya wimbo, na gauni la rangi ya machungwa lilikuwa bado halina pindo, kwa hiyo alikuwa sakafuni akishona huku mwenye gauni akiimba. Mtu aliyekodiwa kupiga makofi hakutokea. Chiriku akamwambia Bi Pindo, fundi, weka mkasi chini, mikono si unayo? Mpiga ngoma, ambaye watu walimwita Goti kwa sababu hata akinywa chai alijipigia goti, aliweka fimbo zake ili amsaidie, maana sehemu ile ngoma haikuwa na kazi. Bi Pindo akachomeka sindano kwenye ncha ya mkono wa blauzi yake, karibu na kiganja, akasema ataikumbuka. Wahenga walishasema, kikulacho ki nguoni mwako. Kofi la saba lilipopigwa sindano iligeuka, na ikaingia kiganjani mwake karibu nusu.

Muda waliopewa ulikuwa umekwisha na bendi nyingine ilikuwa mlangoni inakohoa kwa makusudi. Wimbo ulibaki na pengo lake. Kila mtu aliyeuliza aliambiwa ndivyo ulivyo, na Chiriku, huku akimfunga rafiki yake kiganja kwa kipande cha bitana, akamnong'oneza, "Hili ni langu na lako, fundi. Siku nikimwambia mtu, nishone mdomo."

Hakumwambia mtu. Ila katika onyesho la kwanza, ulipofika wakati wa kofi lisilokuwepo, alinyanyua mguu kama mtu aliyekanyaga sindano, akageuza macho upande wa pazia. Nyuma ya pazia Bi Pindo alikuwa na uzi mdomoni, na alicheka nusura aumeze. Ukumbi mzima ulidhani ni mtindo. Kwa miaka thelathini Chiriku alinyanyua mguu ule, na kila mara macho yalikwenda pazia lilipo, na kila mara Bi Pindo alicheka kama mara ya kwanza. Mji mzima ulikuwa unacheza utani wa watu wawili bila kujua, na sasa kati ya hao wawili alikuwa amebaki mmoja.

Kwa hiyo mnaona mama wa watu alivyobanwa. Akisema, jina lake la kuhesabu sindano linakwenda na maji, tena mbele ya mabinti aliowasumbua miaka mingi kwa pini iliyoangukia kwenye ufa. Na si hilo tu. Akisema, kile kitu cha mwisho kilichokuwa chake na Chiriku peke yao kinakuwa cha kila mtu. Akinyamaza, pengo linakufa Jumamosi, na asiyekuwepo na lake halipo. Usiku ule alitanua mshono wa kiuno na kuufumua mara tatu, kazi ya nusu saa.

Jumatano alikwenda kwa Goti, kwa ujanja wa kumtuma mtu mwingine kwenye shimo la nyuki. Goti sasa alikuwa babu mwenye mvi na heshima, na kwa miaka arobaini alikuwa ameueleza mji kwamba pengo lile ni ubunifu wake. Moyo wake ulimwambia anyamaze, akanyamaza, ndiyo maana wengine ni wapiga ngoma na wengine wanapiga kelele. Vijana walimnunulia soda ili awasimulie. Aliposikia kwamba ubunifu wake umezibwa alivaa koti, akaenda kwa fundi mitambo kuutetea.

Alirudi haraka kuliko alivyokwenda. Alikaa kwenye benchi la duka la Bi Pindo, akajipigia goti taratibu, akaeleza kwamba yule kijana ni mpole lakini ana mashine mbaya. Mashine ile inatenga sauti moja moja. "Amenionyesha, dada. Sehemu ile yote, tangu kofi la kwanza, ngoma haipo, sasa nilinyamaza nini? Mimi nipo, lakini ngoma haipo." Njia ya mwongo ni fupi, lakini Goti alikuwa ameitembea miaka arobaini, si haba. Kabla ya kuondoka alikitazama kiganja cha kulia cha Bi Pindo, akasema labda kuna mtu mwingine anayeweza kueleza, yeye hajui. Bi Pindo akaficha mkono chini ya kitambaa na kumtakia siku njema.

Jumamosi ukumbi ulijaa mpaka ngazini. Walikuja waliomjua Chiriku na waliozaliwa baada yake, wapishi wa shule na madereva wa teksi, mama wa duka la dawa, posta nzima. Wanafunzi watatu walikuwa mbele kabisa, wamependeza. Binti wa Chiriku alipanda jukwaani na gauni la rangi ya machungwa, limemkaa bila mkunjo, na watu wakamshangilia mpaka akashindwa kusoma hotuba aliyoiandika. Akaikunja. Akasema tu kwamba watacheza wimbo wa mama, safari hii ukiwa mzima.

Wakacheza. Hakuna kitu kinachopendeza kama watu mia nne wenye umri mbalimbali wanaojua wimbo mmoja. Vyombo vikanyamaza, makofi yakahesabu, na miguu mia nne ikapanda.

Pa.

Postamasta alishuka kwenye kidole cha mama wa duka la dawa. Safu ya madereva iliyumba, mmoja akamshika mwenziwe shingo. Upande mmoja wa ukumbi ulikuwa mbele ya wimbo na mwingine nyuma, na watu walicheka sana, kila mmoja akidhani kosa ni lake. Fundi mitambo, akidhani hawakuwa tayari, akairudisha sehemu hiyo. Iliporudi, wengine walinyanyua, wengine wakasita, wengine wakatazama miguu yao kama vile wameazimwa. Kofi likalia tena. Hakuna aliyecheka. Taratibu watu wakaacha kucheza, wimbo ukaendelea peke yake, safi, na katika hali hiyo bibi mmoja kwenye viti vya mbele akamuuliza jirani yake, kwa ile sauti ya watu wasiosikia vizuri, "Huyu anayeimba ni nani?"

Binti wa Chiriku alilisikia swali hilo. Ukumbi mzima ulilisikia. Alisimama jukwaani ameshika kiuno cha gauni kwa mikono miwili, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyeleta zawadi ikarudishwa. Alidhani wamemchoka mama yake. Bi Pindo aliliona hilo vizuri, na moyo ulimuuma kuliko sindano yoyote. Ni binti wa rafiki yake, amebeba aibu isiyo yake kwa miaka yote hiyo, na dawa ilikuwa katika mdomo wa mtu mmoja tu. Akajikuta ameshapanda ngazi.

Alimwomba fundi mitambo azime. Kisha, kwa kuwa hakuzoea kipaza sauti, alikishika kama anavyoshika pasi.

"Wimbo haukuharibika, mwanangu, wala santuri yako haikukwaruzika," alimwambia binti, na wengine wakawa wanasikiliza tu. "Hilo kofi nililikosa mimi. Mama yako aliniita nipige makofi, na mimi nilikuwa na sindano kwenye nguo ambayo sikuihesabu."

Akanyanyua kiganja cha kulia. Kidoa kilikuwa kidogo kama punje ya ufuta, hakuna aliyekiona kutoka kule chini, lakini wote walinyoosha shingo. Akawaeleza yote: pindo, muda uliokwisha, kipande cha bitana, na mguu. Akasema, Chiriku alikuwa ananicheka mimi. Miaka yote mnayonyanyua mguu, mnanicheka mimi, na mimi sijapata kufurahi hivyo maishani, na tangu afe kila mkinyanyua mguu kwenye arusi za watu mimi namwona anageuka kutazama pazia. Basi msiniondolee.

Mwanafunzi wake mkubwa, yule wa kuota, akauliza kutoka safu ya mbele, kwa adabu zote lakini kwa sauti ya kutosha, "Na hiyo sindano, mwalimu, ilirudi kwenye kikasha?"

"Ilirudi," Bi Pindo akajibu. "Niliihesabu ikiwa na damu. Na ile sheria ya ukutani niliiandika kesho yake asubuhi, kwa mkono wa kushoto. Ndiyo maana herufi zimelala."

Kicheko kilichotoka hapo kilitikisa vioo, na wanafunzi watatu ndio waliocheka kwa muda mrefu zaidi, walikuwa na deni la miaka. Goti akasimama. Watu wakadhani anakuja kudai ubunifu wake, na pengine ndivyo alivyokusudia alipoanza kunyanyuka, lakini akasema kwamba haki ya mtu ni haki ya mtu. Makofi yalikuwa ya watu wawili. Hata yeye alilikosa kofi hilohilo, maana wakati huo alikuwa anamtazama fundi wa nguo.

Mkewe, aliyekaa pembeni yake, akamgeukia polepole. Goti akamweleza kwamba hiyo ilikuwa kabla hawajajuana, akaketi, na kwa mara ya kwanza mchana ule hakujipigia goti.

Fundi mitambo hakuwa mtu wa kubishana na ushahidi. Alisema kanda ya zamani anayo yote ndani ya kompyuta, hakufuta kitu moja kwa moja, na ndiyo itakayokwenda kwenye santuri kama wenyewe wanaitaka. Binti wa Chiriku akasema wanaitaka. Alikuwa analia na kucheka bila mpangilio, akamshika Bi Pindo mkono wenye alama, akamwuliza, mama mdogo, mguu wenyewe ni upi, wa kulia au wa kushoto? Bi Pindo akamwambia wa kushoto, na akusanye gauni kwanza, hilo pindo limemgharimu.

Wimbo ukaanza upya. Safari hii hapakuwa na usafi wowote, kanda ilikuwa inachakarisha kama mafuta kikaangoni, na bibi wa viti vya mbele hakuhitaji kuuliza anayeimba ni nani. Fundi mitambo aliongeza sauti mpaka mwisho. Vyombo vikanyamaza. Makofi yakahesabu, moja mpaka saba, na ukumbi mzima ukasimama kwa mguu mmoja, na Bi Pindo jukwaani naye akasimama kwa mguu mmoja, na katika kimya kile spika kubwa za ukumbi zikatoa vile vikelele ambavyo fundi alidhani ni bawaba. Kwa miaka arobaini Bi Pindo hajawahi kuvisikia, kwa sababu mahali hapo alikuwa anacheka kila mara. Ilikuwa sauti ya msichana ikisema "ai", ndogo, ya kuumia. Na juu yake, karibu kabisa na kipaza sauti, msichana mwingine akizuia kicheko.

Sauti ya Chiriku ikashuka, bendi ikamfuata, na miguu ya watu wote ikarudi chini kwa pamoja. Bi Pindo alichelewa kushusha wake, na binti akamshika kiwiko asianguke.